Somo la Jana

Ukitaka kumjua Joanita usianze na Kiingereza chake, anza na viatu vyake. Vilikuwa viatu vyeusi vya kiume, vya kamba, alivyovichagua mwenyewe kwenye mitumba kwa sababu vya kike havikustahimili mawe ya Gisenyi. Mji wetu umekalia mawe ya volkano, na yeye alikuwa akitembea kutwa. Asubuhi alikuwa prefektura, yaani ofisi kuu ya mkoa, akiwafundisha wakubwa waliofunga mlango ili wadogo wao wasiwasikie wakikosea. Mchana alikuwa hotelini kando ya ziwa, akiwafundisha wahudumu kukaribisha wageni ambao hawakuja. Jioni, kabla giza halijatukimbiza sote majumbani, alikuwa na sisi.

Sisi tulikuwa watu wazima tuliokunja magoti kwenye madawati ya watoto, katika darasa la shule ya msingi lililonuka chaki na mvua. Mimi ni Mutabazi, wa posta. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikarudi baada ya vita na Kiswahili changu cha shuleni ambacho watu wa Gisenyi hukicheka hadi leo. Joanita naye alirudi kutoka Mbarara, Uganda, na Kiingereza. Mimi nilileta lugha ambayo kila mtu sokoni alikuwa nayo tayari, yeye akaleta ile ambayo kila mtu ofisini aliitafuta kwa udi na uvumba. Sikumwonea wivu. Sawa, nilimwonea kidogo.

Maana wakati huo, mwaka wa tisini na saba kuelekea tisini na nane, karani aliyekuwa ameishi maisha yake yote kwa Kifaransa aliamka asubuhi akakuta mkubwa mpya anaongea Kiingereza, na shirika la misaada linatangaza kazi kwa Kiingereza. Watu waliingiwa na hofu. Joanita aliishi kwa hofu hiyo na hakujidanganya juu yake. Alikuwa mwembamba, mkali, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na alikuwa na sheria moja tu darasani: Kiingereza peke yake. Si Kinyarwanda, si Kifaransa, si Kiswahili, hata kwa kunong'ona. Aliyevunja sheria alisimama mbele na kuimba herufi za Kiingereza kuanzia A hadi Z. Alisema mtu akitafsiriwa hujifunza kusubiri mkalimani, na mkalimani hayupo siku unapomhitaji.

Nilimwambia hiyo ni sheria ya watoto. Nilimwambia kwa Kiswahili. Niliimba.

Kitabu chake kilitoka Uganda, na kiliandikwa na mtu aliyekuwa na maisha mazuri. Kilijaa maswali ya mazungumzo. Likizo unakwenda wapi? Una kaka wangapi, dada wangapi? Mara ya kwanza alipouliza hilo la kaka na dada, darasa lote liliinamisha macho, na mama mmoja wa benki akatoka nje asirudi hadi kipindi kimekwisha. Joanita alikwenda nyumbani akazibandika kurasa za familia kwa gundi. Kwa hiyo sisi tulijifunza matunda, rangi, samani na saa, lakini mpaka leo nikitaka kusema shemeji kwa Kiingereza nakwama.

Tulicheka pia, nisikudanganye. Sisi Banyarwanda herufi L na R tunazipokea kama mapacha, yeyote atakayekuja ni yuleyule, na kwa Kiingereza hapo pana mtego. Siku moja Murekatete alitaka kusema kwamba mwanawe anacheza mpira kila Jumamosi, akasema *pray* badala ya *play*, yaani anasali mpira. Joanita akamjibu kwamba kwa jinsi timu yetu inavyofungwa, hilo ni sahihi kabisa.

Huyo Murekatete ndiye aliyekuwa kipenzi chake, ingawa Joanita angekataa. Alikuwa mwanamke wa hapohapo Gisenyi, mnene kidogo, mwepesi wa kucheka, na alikuwa akishika redio ya mawasiliano katika ofisi ya shirika moja la misaada. Mumewe, Théoneste, alikuwa dereva wa shirika hilohilo. Mkubwa mpya, kijana wa Kizungu aliyeitwa Keith, aliamuru kwamba redioni kitasemwa Kiingereza tu. Hakuwa mjinga. Watu wenye silaha waliokuwa wakishuka usiku kutoka misitu ya volkano, wale tuliowaita abacengezi, walikuwa na redio zao na walisikiliza. Ukisema kwa Kiswahili kwamba gari linatoka saa fulani, umewaalika. Basi Murekatete alipewa muda ajifunze, la sivyo kiti chake angekalia mwingine.

Kila jioni Théoneste alikuja kumchukua mkewe, mtoto wao mdogo akiwa mgongoni mwake, amefungwa kwa kitenge kama mama. Watu walimcheka, naye alipenda kuchekwa.

"Muone, ba rafiki," alituambia mlangoni. "Siku hizi mi ndiye mama ya nyumba. Bibi yangu iko anasoma Kingereza, mi niko napika maharagi."

"Nyamaza we," Murekatete alimjibu. "Mi wakinifukuza, ile maharagi utaitoa wapi?"

"Bon, soma basi. Lakini usinitukane mu Kingereza, nitajua."

Joanita alikuwa akisimama nyuma yao akifuta ubao, na ninaapa alikuwa akitabasamu. Yeye hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na sisi, na tulikuwa kazi ngumu.

Sasa nije kwenye siku ya somo la jana.

Joanita alisimama mbele akaonyesha kwa mkono. Alirusha kidole gumba nyuma ya bega lake: *yesterday*. Akapiga kiganja mezani: *today*. Akanyoosha mkono mbele, kuelekea dirishani: *tomorrow*. Bega, meza, dirisha. Tukaimba naye, bega, meza, dirisha, na Murekatete aliimba kwa sauti kuliko wote huku macho hayabanduki kwenye ule mkono.

Hapo pana jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulijua asipoambiwa. Kinyarwanda kina neno moja, *ejo*, na neno hilo ni jana, na ni kesho pia. Hatupotei, kwa sababu kitenzi kinatuambia kama jambo limepita au linakuja. Lakini mtu anayefikiri kwa Kinyarwanda ukimpa maneno mawili ya Kiingereza bila kumwambia lipi ni lipi, atayatia yote mawili kwenye mfuko mmoja, na siku akiingiza mkono atatoa litakalotangulia. Nilimwona Murekatete anaangalia mkono badala ya kusikiliza. Nikamwinamia nikamnong'oneza, "Hiyo ya bega ni jana."

"Mutabazi!" Joanita akapaza sauti. Nikasimama nikaimba hadi Z, na darasa likapiga meza kwa furaha.

Kisha akamgeukia mzee Siméon, karani wa mahakama, mtu wa koti lililofungwa vifungo vyote hata wakati wa jua. Akamuuliza swali lililokuwa kitabuni: jana ulifanya nini?

Siméon alisimama, kama alivyosimama kila alipoulizwa. Akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko siku zote, kwamba jana alikuwa Kanama, na kwamba alimweka mdogo wake ardhini, na mke wa mdogo wake, na kwamba mtoto hawakumpata.

"Very good," Joanita akasema.

Ni mdomo tu. Alikuwa akitusifia hivyo mara ngapi kwa siku, na mdomo ulishazoea, ulikwenda kabla ya masikio. Nilimwona alipoyasikia aliyoyasema. Aliweka mkono mdomoni, na mzee wa watu akainamisha kichwa, akasema asante, akakaa. Joanita akafunga kitabu, akatuambia twende nyumbani, na muda ulikuwa bado.

Hakurudi tena kwenye somo hilo. Wiki iliyofuata zile kurasa nazo zilikuwa zimebandikwa. Kuanzia hapo darasa letu liliishi leo tu. Mvua inanyesha. Hii ni meza. Ninakunywa chai. Hatukulalamika hata kidogo. Nani alitaka kuulizwa jana alifanya nini, Gisenyi, mwaka ule? Wengine walikuwa na jana ya maiti, wengine walikuwa na jana ambayo wasingeisema hata kwa lugha ya mama zao. Tulikaa kwenye madawati yale bega kwa bega bila kujuana, na sentensi za leo zilituhifadhi sote.

Murekatete alishinda mtihani wa Keith. Alisoma herufi za magari, akataja majina ya vituo, akasema gari limefika, gari halijafika. Joanita alinunua sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa letu, kwenye karatasi, akazipitisha darasani, akatulazimisha kuziomba kwa Kiingereza. Théoneste alikula nyingi kuliko yeyote, na hakuomba.

Yaliyofuata niliyapata baadaye kutoka kwa Pascasie, mama mdogo wake Murekatete, aliyekuwa akilima viazi kule Mudende na kuvileta sokoni. Siku moja ya soko alifika, akauza upesi na kwa bei ya hasara, kisha akaenda nyumbani kwa Murekatete na kumvuta jikoni. Alimwambia kwamba kule juu wameonekana vijana wengi waliobeba mizigo iliyofunikwa, na kwamba ejo watashuka kwenye barabara ya Kanama. Asimtaje yeye kwa mtu, maana waliotajwa kule juu walikuwa wanakatwa na upande huu au upande ule. Lakini mumewe asipite.

Théoneste alikuwa Ruhengeri na gari, yeye na Keith, wakingoja kurudi na mbegu za viazi. Njia ya kurudi ni hiyohiyo ya Kanama. Murekatete alirudi ofisini, akaingia chumba cha redio, akamwita Keith na kumwambia. Alimwambia kwa Kiingereza, peke yake, bila mkalimani. Keith akamjibu kwamba amesikia.

Jioni alikuja darasani uso unang'aa. Alinyoosha mkono kabla hata hatujaketi.

"Teacher, today I speak radio. Long!"

Joanita akamuuliza alisema nini. Murekatete akaangalia mlango, akatuangalia sisi kwenye madawati, mmoja mmoja. Akasema ni siri. Kila mtu alielewa na hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu katika mji ule hukujua jirani yako wa dawati anakula na nani nyumbani. Joanita akatuambia tumpigie makofi. Tulimpigia kwa nguvu. Hata Siméon alipiga, na Murekatete akasimama akatuinamia kama bibi harusi.

Kesho yake asubuhi Keith alibaki Ruhengeri kwa ajili ya mkutano, akamtuma Théoneste atangulie na mbegu. Waliliona gari mchana, kwenye kona baada ya Kanama, limeungua. Yeye walimkuta shambani, mbali kidogo na barabara, kwenye maharage ya mtu. Alikuwa amejaribu kukimbia.

Nilikwenda msibani pamoja na Joanita na Siméon. Nyumba ilikuwa ndogo, wanaume tulikaa nje kwenye mabenchi ya kuazima, wanawake ndani kwenye mikeka. Pascasie alikuwa mlangoni akijipiga mapaja, hajali tena nani anamsikia. "Nilimwambia ejo! Nilimwambia ejo watashuka, naye akaniambia, mama, nimeshasema redioni, tulia!" Alirudia hivyo kwa kila aliyeingia. Na kila aliyeingia alitikisa kichwa na kuwalaani wakubwa wa lile shirika.

Mimi pia niliwalaani. Nilikuwa na hasira ya kutosha kugawa.

Alasiri Keith akaja. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, uso mwekundu, shati jeupe limelowa mgongoni. Mkalimani wa ofisi alikuwa ameshakimbilia Kigali asubuhi hiyo, na watu wakamwonyesha Joanita. Mwalimu yupo, walisema. Basi mwanamke yule aliyetuimbisha kila tulipotafsiri neno moja, aliingia ndani akapiga magoti kwenye mkeka kati ya Mzungu na mjane, atafsiri. Siméon na mimi tuliitwa tusimame mlangoni, kama watu wa darasa lake.

Keith alisema aliyopaswa kusema, pole, mtu mwema, dereva bora. Joanita akatafsiri vizuri. Kisha akasema mambo ambayo nadhani yalikuwa yakimchoma, alitaka kuyatua. Alisema:

"Mwambie alitupa habari, na nilimsikia. Alisema watu wabaya walikuwa barabarani jana. *Yesterday*, alisema hivyo mara mbili. Nikaona kama ilikuwa jana, basi wameshapita, na jeshi limeshasafisha njia. Mwambie alifanya kazi yake. Mwambie Kiingereza chake kilikuwa kizuri sana."

Siméon alinishika mkono, akaubana. Bega, meza, dirisha. Redioni hakuna mkono wa kuangalia. Murekatete alikuwa na ejo kichwani, akaingiza mkono mfukoni, akatoa neno la bega badala ya neno la dirisha, akamtuma mumewe barabarani kwa mdomo wake mwenyewe akidhani anamzuia.

Zamu ikawa ya Joanita kutafsiri. Murekatete alikuwa akimwangalia mdomoni, macho yamevimba, mtoto amelala mapajani. Keith alikuwa akimwangalia vilevile. Walikuwa wawili wanaomngoja, na kila mmoja alikuwa na nusu ya sentensi, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa nayo nzima.

Akasema polepole, kwa Kinyarwanda: "Aravuga ngo wamubwiye iby'umuhanda w'ejo. Ngo yarakumvise."

Yaani: anasema ulimwambia habari za barabara ya ejo. Anasema alikusikia.

Kwenye ejo hakuweka kitenzi. Hakusema walikuwa, hakusema watakuwa. Aliliacha neno likae peke yake, wazi pande zote mbili, na Murekatete akalisikia kama alivyolisema moyoni mwake.

"Alinisikia?" Murekatete akauliza.

"Alikusikia."

"Alinisikia, na akamtuma?"

Murekatete aligeuza kichwa taratibu akamtazama Keith, akamtazama hadi yule kijana akainamisha macho. Keith aliponyoosha mkono kumpa pole, Murekatete hakuupokea. Wanawake wakaanza kuguna.

"Amesema nini?" Keith akauliza.

"Anakushukuru kwa kuja," Joanita akamwambia.

Njiani kurudi nilimvaa. Siméon alitutangulia, hakutaka kusikia. Nilimwambia, Teacher, umemfanya yule mtu muuaji mbele ya umati, na hakuua. Nilitegemea anikemee kwa Kiingereza. Alisimama katikati ya barabara, na viatu vyake vya kiume vimejaa vumbi, akanijibu kwa Kinyarwanda, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia nasi.

"Yule atarudi kwao na ndege," alisema. "Murekatete atarudi jikoni. Wewe ungempa nini aende nacho jikoni?"

Swali lile lilinikasirisha zaidi. Nikamwambia kwamba neno moja la Kiswahili lingetosha. Jana ni jana, kesho ni kesho, mtoto wa sokoni anajua. Akasema anajua. Akasema, "Ulimwambia ile siku, nikakuimbisha." Kisha akaendelea kutembea, na sikumfuata, kwa sababu alikuwa akilia na hakutaka mtu.

Darasa liliendelea. Ungefanyaje, watu walitaka kazi. Joanita alikuwa amebadilika kidogo: ukinong'ona Kiswahili alijifanya hasikii, na hakuna aliyeimba tena. Dawati la Murekatete hatukulikalia.

Mvua za masika zilipokwisha, alirudi. Amekonda, kichwa kimenyolewa, kitenge cheusi. Kazi ya redio aliikataa mwenyewe. Tulidhani amekuja kutuaga, lakini alikaa mahali pake, akakunja magoti kama zamani. Joanita alipouliza nani ana swali, Murekatete alinyoosha mkono. Hakutumia Kiingereza. Aliongea Kiswahili chake, mbele ya wote, wala hakuomba ruhusa.

"Teacher, mi nataka kitu moja tu. We ulitufundisha mambo ya leo, ya leo, kila siku ya leo. Mi nataka ya zamani. Ule Muzungu bado iko hapa, anaenda mu mwezi ujao. Nataka nimusimame mbele, nimuambie mu luga yake, bila mutu wa kutafsiri: nilikuambia, ukasikia, ukamutuma bwana yangu. Na ile siku, ile ejo, namna ya kuisema. Nifundishe vizuri, nisikosee."

Mvua ilikuwa haipo, na bado nilisikia kama paa linapigwa. Siméon alianza kufungua vifungo vya koti na kuvifunga. Joanita alikuwa ameshika chaki. Mkono wake wa kulia ulipanda hadi kwenye bega, kidole gumba kimetangulia, ukakaa pale. Murekatete alikuwa akiuangalia, kama siku ile.

Akaushusha. Akafungua kitabu, akapita kurasa zilizobandikwa, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti isiyokuwa yake, kwamba leo tutasoma hali ya hewa.

Tukasoma. Jua linawaka. Upepo unavuma. Murekatete hakufungua mdomo, alingoja somo liishe ili afundishwe lake, na lilipokwisha Joanita akamwambia njoo wiki ijayo. Wiki ijayo akamwambia njoo nyingine. Keith aliondoka. Murekatete aliendelea kuja, na kumngoja, na kumheshimu, akiamini kwamba mwalimu anaona tu bado hajaiva.

Mwaka uliofuata Joanita alihamia Kigali. Alitufundisha mengi, na wengine tunakula kwa Kiingereza chake hadi sasa. Jana hakutufundisha.